Bunduki ya Kuazima

Katika Hemlock Run, kijiji chetu cha bondeni mbali na Filadelfia, kuna siku moja tu kwa mwaka ambayo hata mwalimu wa hesabu hukiri kwamba hesabu inaweza kusubiri. Ni Jumatatu ya kwanza baada ya Sikukuu ya Shukrani, siku ya kufunguliwa kwa msimu wa kulungu. Shule hufungwa. Daktari wa meno hufunga. Mchungaji Ickes, ambaye Jumapili ya kuamkia siku hiyo huhubiri kwa kasi ya mtu aliyeacha sufuria jikoni, hufunga kanisa na kutoweka. Mtu akifa Jumatatu hiyo, kwa heshima zote anazostahili marehemu, atasubiri Jumanne.

Mwaka ambao kiwanda cha mbao kilipunguza wafanyakazi, nyumba ya Stroup iliikaribia siku hiyo tukufu bila nyama, bila bunduki na bila mwindaji. Wendell Stroup, baba wa nyumba, aliangukiwa na gogo mwezi Agosti, na mkono wake wa kulia sasa ulining'inia kwenye kitambaa shingoni kama mtoto aliyegoma kutembea. Bunduki yake aliiuza Septemba. Nyumbani alisema ameipeleka kusafishwa.

"Usafi gani huo?" mama yake, Orpha, alikuwa akiuliza kila mwisho wa juma. "Wanaisugua kwa mswaki?"

Orpha alikuwa na umri wa miaka sabini na minne na hakuwahi kumeza neno lililokwisha kufika ulimini. Alijua kama kijiji kizima kilivyojua, kwa sababu bunduki yenyewe ilikuwa dirishani katika duka la mjini, mswaki hauonekani.

Usiku wa Ijumaa, baada ya supu ya mwisho ya mifupa ya bata mzinga, Roxanne, mke wa Wendell, alishuka chini ya nyumba kukagua friza. Alikuta mfuko wa njegere na kipande cha keki ya harusi ya binamu ambaye alishaachika. Alipanda ngazi, akafuta mikono kwenye aproni. Alikuwa mpishi katika nyumba ya kutunzia wazee na alizoea kutangaza mambo bila kupandisha sauti.

"Nitakwenda mimi."

"Wapi?" aliuliza Wendell.

"Kuwinda. Leseni ninayo. Nilifaulu kozi ya uwindaji nikiwa shule."

"Kwa bunduki ipi?"

Hilo lilikuwa swali ambalo yeye, kati ya watu wote, hakupaswa kuuliza. Orpha akaokoa hali kwa namna yake.

"Wewe? Panya wa stoo alikukimbiza mpaka kwa jirani."

"Panya hana nyama, Mama."

Ndipo Clyde Benner akabisha. Clyde alibeba barua za bonde letu mpaka alipostaafu, na tangu mkewe afariki aliishi peke yake ng'ambo ya kijito. Chini ya kwapa alikuwa na kitu kirefu kilichofungwa kwenye blanketi la maua la marehemu. Ingekuwa kwingine, mtu angedhani ameleta mwavuli.

"Hatuombi, Clyde," Wendell aliwahi.

"Na mimi sigawi sadaka. Naazima. Ikirudi irudi safi, pamoja na paja moja la nyuma. Ndiyo masharti tangu enzi za baba yangu. Baba yako alilipa paja hilo mara mbili, na mara ya pili lilikuwa gumu kama kiatu."

"Ni kweli," Orpha alisema. "Kulungu yule alikuwa mzee kuliko mchungaji."

Clyde aliiweka bunduki mezani bila kuifungua. Akavuta kiti, akakaa mkabala na Wendell.

"Niangalie."

"Nakuangalia."

"Unakunywa?"

"Bia mbili, Jumamosi."

Orpha alikohoa.

"Nne," Wendell akasema.

"Nakuona unakaa kwenye pikapu yako kando ya banda, taa zimezimwa. Taa zangu zinakufikia, Wendell. Umekuwa ukifikiria kujimaliza?"

Chumba cha pili watoto wawili walikuwa wakicheka na televisheni. Roxanne alikuwa ameshika bomba la maji, hakulifungua. Wendell alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Kuulizwa jambo hilo na daktari ni tatizo. Kuulizwa na mtu aliyekuwa akikuletea kadi za siku ya kuzaliwa, mbele ya mkeo na mama yako, ni jambo jingine kabisa.

"Mara mbili," alisema hatimaye. "Septemba. Si sasa."

Clyde aliitikia kwa kichwa kama aliyeambiwa kesho kutakuwa na theluji. Alifungua blanketi, akachomoa bolti, kile chuma cha kusukumia risasi ndani, ambacho bila hicho bunduki ni fimbo ya bei ghali. Akaizungushia leso, akampa Roxanne.

"Bunduki ikae nyumbani. Hii ikae mfukoni mwako, hata kazini. Utairudisha mahali pake ukiwa msituni tu." Kisha akamgeukia Wendell. "Na wewe, kila Alhamisi uje kwangu tucheze karata. Hilo si ombi."

Wendell aliinuka kwenda kuleta kuni, mkono mmoja, na mlango ulijibamiza nyuma yake. Roxanne hakuwa amelijua hilo la Septemba. Alisimama na chuma kile mkononi, kizito kuliko ukubwa wake.

Orpha alilivuta gazeti kutoka chini ya kikombe cha kahawa. "Wameandika hapa. Muswada mpya. Kumwazima bunduki mtu asiye damu yako, hata kwa siku moja, ni jela. Lazima mpitie dukani, mjaze fomu, msubiri jibu kutoka ofisini. Clyde, unakwenda jela."

"Kuna kahawa huko?"

"Mbaya."

"Hapa nayo si nzuri," Clyde alisema, akavaa kofia.

*

Jumatatu Roxanne aliondoka kabla ya mapambazuko, amevaa kizibao cha rangi ya chungwa cha Wendell kilichomfika magotini. Wendell alimfuata mpaka mwisho wa ua akimpa maelekezo aliyokwisha kumpa. Kaa na upepo usoni. Usile tufaha, linasikika. Lenga nyuma ya bega. Ukimwona, usimwangalie pembe, utapagawa.

Alimwona saa mbili asubuhi, akatazama pembe.

Yaliyofuata yaliingia katika historia ya bonde. Kulungu dume alitoka kwenye misonobari, akasimama ubavu wazi, mtulivu kama anayesubiri kupigwa picha. Roxanne aliinua bunduki. Moyo ulimgonga hadi kwenye meno. Akavuta bolti, akasukuma, akavuta, akasukuma, mara tano, kwa juhudi kubwa, mpaka bunduki ikawa tupu. Kulungu aliitazama shughuli hiyo hadi mwisho, kisha akaondoka kwa miguu.

"Nimempiga mara tano," Roxanne alimwambia Clyde, aliyekuwa amemsindikiza na kumngoja kwenye kisiki chini ya mteremko. "Hajali!"

Clyde alipanda, akainama, akaokota risasi tano nzima kutoka kwenye theluji. Roxanne hakuwa amekigusa kifyatulio hata mara moja.

Jioni kijiji kizima kilikusanyika kwenye ukumbi wa zimamoto, kama desturi. Pale, mwindaji aliyekosa hukatwa pindo la nyuma la shati lake, na kitambaa hicho hupigiliwa ukutani pamoja na jina lake. Ukuta ule una mashati ya watu watatu waliowahi kuwa wenyeviti wa wilaya. Lakini suala la Roxanne lilikuwa jipya kisheria: je, mtu asiyefyatua anaweza kuhesabiwa amekosa? Mkuu wa zimamoto, Burl Zook, aliwaamuru watu waweke bilauri chini. Hoja zilitolewa. Mchungaji Ickes alisema nia ilikuwepo. Mwenye baa alisema kulungu hakupewa hata nafasi ya kuogopa. Itifaki ilizingatiwa.

"Mimi sina malalamiko," alisema Clyde. "Ndiye mtu wa kwanza kuazima bunduki yangu akanirudishia risasi zote."

Shati lilikatwa. Orpha ndiye aliyeshika mkasi, na alikata kipande kikubwa kuliko ilivyohitajika. Roxanne alicheka na wengine, lakini mgongo ulikuwa baridi, na alipokwenda kujipakulia supu alimkuta Lenora Bixler kwenye foleni. Mume wa Lenora alikwenda kutafuta kazi mjini, na tangu majira ya kiangazi hakuna aliyesikia kama aliipata. Lenora alikuwa akijaza supu kwenye chupa ya chai aliyoificha chini ya koti. Waliangaliana. Roxanne akageuka upande wa pili, akajifanya anatafuta chumvi.

*

Jumatano, kwenye ukumbi uleule, alikuja Mheshimiwa Prescott Haldane kutoka vitongoji vya Filadelfia, mbunge mwenye ule muswada wa kuazimana bunduki, kusikiliza maoni ya wananchi. Alivaa koti jipya la kuwindia ambalo mikunjo ya dukani ilikuwa bado haijaliacha. Ili kuwa mwadilifu, alipeana mikono na kila mtu na akala mikate miwili ya Bibi Zook, ambayo ni ushujaa.

"Hakuna anayetaka kuwanyang'anya bunduki zenu," alianza.

"Basi umesafiri mbali sana kutuambia hivyo," alisema Orpha kutoka mstari wa mbele.

Watu walicheka. Haldane aliwaacha wacheke. Kisha akaweka karatasi zake chini.

"Januari, katika eneo ninaloliwakilisha, kijana aliazima bastola kwa mtu aliyekutana naye kwenye maegesho ya magari. Alimuua dada yake. Nilikwenda mazishini. Mama yao alinishika koti, akaniuliza sheria ilikuwa wapi. Sikuwa na jibu. Huu muswada ndio jibu langu."

Burl Zook alivua kofia. Hata Orpha alitazama viatu vyake.

Wa kwanza kusimama alikuwa mtu ambaye hakuna aliyemtarajia. Wendell alipita katikati ya viti, kitambaa shingoni, akashika maikrofoni kwa mkono wa kushoto kama mtu anayeshika nyoka.

"Pole kwa yule mama," alisema. "Namaanisha hivyo. Nina swali. Huyo aliyemwazima kijana, alimjua?"

"Hata jina hakulijua."

"Basi hapo ndipo tunapoachana, Mheshimiwa. Mimi niliuza bunduki yangu Septemba. Niliwaambia watu wangu iko kwenye usafi." Vicheko vidogo vilisikika, vikafa. "Niliiuza kwa ajili ya bili, ndiyo. Na niliiuza kwa sababu nilianza kuiogopa. Ijumaa yule pale, Clyde Benner, alikuja kuniazima yake. Kabla hajaifungua aliniuliza, mbele ya mama yangu na mke wangu, kama nataka kujiua."

Roxanne alihisi vichwa vikigeuka kumtafuta. Alinyoosha shingo. Mkono wake ulikuwa mfukoni mwa aproni, umekumbatia chuma cha Clyde, kwa sababu alikuwa ametoka kazini moja kwa moja.

"Nilitamani ardhi inimeze," Wendell aliendelea. "Lakini nilimjibu ukweli. Fomu yako itaniuliza swali hilohilo, na nitaweka alama penye 'hapana' kabla wino haujakauka. Fomu haioni pikapu yangu kando ya banda. Clyde anaiona. Bolti ya bunduki ile iko mfukoni mwa mke wangu sasa hivi, na mimi Alhamisi nalazimishwa kucheza karata na mzee anayeiba."

"Siibi," alisema Clyde.

"Anaiba. Na mtu huyo ndiye unayetaka kumfunga."

Haldane alipozungumza, sauti yake haikuwa ya jukwaani tena. "Bwana Stroup, nakuamini. Lakini si kila mtu ana Clyde."

Lilikuwa jibu zuri, na ukumbi ulijua. Ndipo Roxanne akasimama palepale alipokuwa, bila maikrofoni, kwa sauti ile ya kutangaza chakula cha mchana kwa wazee mia wasiosikia.

"Basi wasio na Clyde watafutieni njia. Msianze kwa kumfunga Clyde! Mkimwondoa, na sisi tutakuwa kama wale wa maegesho, hakuna anayemjua mwenzake, kila mtu na fomu yake. Mimi nina friza yenye njegere, Mheshimiwa. Kulungu hatasubiri ofisi yako inijibu. Na kama ni kosa, andika: Roxanne Stroup ameazima bunduki, na Jumamosi anakwenda nayo tena."

"Mama, hii si mahakama. Sheria haijapita—" alianza Haldane.

"Andika tu, isije ikakupa shida ikipita."

Msaidizi wa Mheshimiwa, kijana mwenye kalamu, alimtazama bosi wake. Kabla hajajibiwa, Burl Zook alinyanyuka akasema aandikwe naye, kwani bunduki anayotumia ni ya mwenye baa. Mwenye baa akasema ya kwake alimwazima Burl kwa kuwa yeye anatumia ya mchungaji. Mchungaji Ickes, akiwa amefumba macho kama yuko kwenye sala, alikiri kwamba ile ilikuwa ya naibu wa mkuu wa polisi. Naibu huyo alikuwa mlangoni, amevaa sare, analinda amani. Aliangalia dari.

"Hiyo nilipewa na Orpha," alisema. "Nataka kuirudisha. Limebaki paja tu."

"Miaka minne!" Orpha alipiga kelele. "Nasubiri paja miaka minne!"

Kijana wa kalamu aliacha kuandika. Mheshimiwa Haldane, ambaye tangu mwanzo alikuwa amekaa chini ya ukuta wa vitambaa, aligeuka akauliza kwa uchovu hayo matambara ni ya nini. Burl alimweleza.

"Wewe umewahi kuwinda?" Orpha alimuuliza.

"Mara moja. Na mjomba wangu, nikiwa mdogo."

"Ulipata?"

Mtu mwenye akili angedanganya. Haldane alisema, "Nilikosa."

Orpha alikuwa na mkasi kwenye mkoba. Tunakubali, hata leo, kwamba Mheshimiwa alivua koti, akageuka, akainama kidogo, na kwamba shati lilikuwa jeupe, la gharama. Kitambaa kikapigiliwa kando ya kile cha Roxanne. Shati alikubali likatwe. Muswada hakukubali ukatwe hata neno. Juma lililofuata ulipitishwa na baraza la kwanza la bunge la jimbo kwa kura ya Haldane na za wengine, ukapelekwa la pili.

*

Jumamosi Roxanne alirudi msituni, shati lina dirisha nyuma. Safari hii hakutazama pembe. Alitazama nyuma ya bega, akapumua, na bunduki ya Clyde ikasema neno moja tu.

Wendell alichuna kwa mkono mmoja huku akitukana, Orpha akisahihisha matusi. Watoto walifunga nyama kwenye karatasi na kuandika juu yake "KULUNGU" kwa herufi kubwa, kana kwamba friza ilikuwa na vitu vingine vya kuchanganya. Njegere zilihamishwa kwa heshima. Ile keki hatimaye ilitupwa.

Habari ya kura ilifika Jumatano, Orpha akiisoma kwa sauti huku mafuta ya nyama yakiruka kikaangoni. Alhamisi Wendell na Roxanne walivuka kijito pamoja, yeye kwa ajili ya karata, mkewe na bunduki iliyosafishwa, bolti na paja la nyuma. Clyde alipokea paja. Bunduki hakuigusa.

"Msimu unaisha kesho kutwa," alisema. "Kwa Lenora Bixler kuna friza?"

"Ipo," Roxanne alisema. Alikumbuka ile chupa ya chai, na jinsi alivyotafuta chumvi. "Haina kitu."

"Anajua kupiga?"

"Baba yake alikuwa bingwa wa kulenga shabaha," Wendell alisema. "Anatuzidi sote."

"Basi unafanya nini hapa?" Clyde alimuuliza Roxanne. "Unajua masharti. Unajua na maswali."

"Clyde, wamepiga kura."

"Nimesikia. Naona hata jela yenyewe nitapata watu wa kucheza nao karata."

Alianza kuchukua blanketi la maua kutoka kwenye kiti. Roxanne aliliangalia, kisha akalikunja vizuri na kulirudisha.

"Bunduki siifuniki," alisema.

Alitoka na bunduki begani, mchana kweupe, tundu la risasi wazi, bolti mfukoni. Wendell aliacha karata mezani, akachukua paketi ya risasi kwa mkono wake mzima, akamfuata. Walipita katikati ya kijiji, mbele ya posta, mbele ya ukumbi wa zimamoto ambako Burl alikuwa akiosha gari na aliinua mpira wa maji kwa namna ya saluti, akajilowesha. Walipita mbele ya gari la naibu wa polisi. Naibu aliteremsha kioo.

"Mnakwenda wapi na hiyo?"

"Kuiazimisha," alisema Roxanne.

"Kwa nani?"

"Njoo uone."

Naibu alipandisha kioo. Baada ya kitambo akawasha gari, akaja polepole nyuma yao, taa zikimulika theluji, kama msafara wa rais.

Lenora alifungua mlango nusu. Aliona bunduki, akaona Wendell, akaona gari la polisi, na mkono wake ukashika koti shingoni.

"Sijafanya kitu," alisema.

"Najua," alisema Roxanne. "Tukae ndani, kuna baridi."

Jikoni hapakuwa na kitu juu ya jiko. Roxanne aliweka bunduki mezani, wazi, bila blanketi wala aibu, na Wendell akaweka risasi kando yake. Kisha Roxanne akavuta kiti, akakaa mkabala na jirani yake ambaye juma lililopita hakuthubutu kumtazama, na akangoja mpaka macho yao yalipokutana.

"Lenora," alisema, "niangalie."